Kishimo Nyuma ya Nyumba Yetu

Juzi redio ilitangaza kwamba baridi itateremka ukanda wote wa Kivu, watu wavae nguo nzito, na papo hapo pua yangu ikanusa mkeka uliolowa maji. Cheka ukitaka. Mimi harufu hiyo hunitia aibu hadi leo.

Tulikaa Lac Vert, kwenye njia ya Sake, juu ya mawe meusi ya volkeno. Tulikuwa watu wa kuja, wa Butembo, nami nilikuwa na miaka saba. Mwaka ule vita vilileta wakimbizi hadi mlangoni kwetu. Redio ya papa, baba yangu, ilisoma hali ya hewa, kisha vita, kisha tena hali ya hewa, kwa sauti ileile ya kusinzia, nami nikaamini kwamba watu wote wale walikuwa wanakimbia baridi.

Jioni moja alifika mama mmoja kutoka milima ya Masisi, na watoto wawili. Nyumba yetu ilikuwa imejaa wengine hadi jikoni, na nje upepo ulikata masikio. Nikamshika mkono, nikampeleka kwenye kishimo nyuma ya nyumba, ambako upepo hauingii. Akatandika mkeka, akanibariki. Nilirudi kifua mbele.

Mama yangu aliposikia, hakunisifu. Alichukua ndoo ya maji, akateremka mbio, akayamwaga yote juu ya ule mkeka.

“Mutoke umu, mama,” alisema. “Kuko mazuku. Inauaka batu.”

Mazuku mimi nilimjua: zimwi la kutishia watoto wasicheze mashimoni. Yule mgeni hakujua hata hilo. Aliwakusanya watoto wake waliokuwa wakitetemeka.

“Mungu amekuona,” alimwambia mama yangu, akaenda kulala kando ya barabara na wenzake.

Nililia kwa hasira. Mama huyuhuyu ndiye aliyetuimbia kila siku, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Asubuhi upepo ulikuwa umetulia kabisa. Mbwa wa jirani alikuwa amelala kishimoni, amekufa, hana hata jeraha. Baridi imemuua, nikawaza. Redio haikusema uongo. Na kama baridi inaua mbwa mwenye manyoya, mama aliwatakia nini wale watoto? Nilizunguka na swali hilo siku nyingi bila kumwuliza mtu. Hata chakula chake nilikila nikiwa nimempa mgongo.

Miaka ikapita. Huko sekondari, mwalimu wa jiografia akatueleza mazuku ni nini: hewa nzito itokayo ardhini, haina rangi, hutuama mashimoni upepo ukitulia, na anayelala ndani yake haamki. Niliacha kuandika. Mimi ndiye niliyewapeleka pale.

Nilimkuta mama akichagua maharagwe. Nilimwomba msamaha, kisha nikamwuliza kwa nini hakumbembeleza yule mama kwa maneno, kwa nini maji.

“Alikuwa amechoka sana,” alisema. “Mutu mwenye kuchoka hasikiye maneno. Nilisema, anilaani tu, lakini kesho aamuke.”