Meza Yenye Mlima Upande wa Kulia

"Nifungeni macho kwa tai ya Mzee Jitu," Theuri alisema siku ile, sahani ya mokimo mkononi, mbele ya mawakili na makarani waliokuja kumuaga huyo mwajiri wake aliyekuwa anastaafu. "Tajeni mteja yeyote, kutoka Sagana mpaka Mweiga. Faili yake itakuwa mkononi mwangu kabla hamjamaliza kupiga chafya."

Wakamfunga, wakamvusha barabara hadi ofisini, wakataja majina sita. Akatoa faili sita. Moffat, karani wa ofisi jirani, alipiga chafya ya makusudi, akashindwa.

Ungeiona meza yake, ungedhani lori la karatasi limepinduka juu yake. Mteja mfupi angeweza kueleza shida zake nusu saa bila kujua kama kuna mtu nyuma ya rundo. Lakini Theuri alikuwa na mpango. Dirisha la kulia lilitazama Mlima Kenya, la kushoto lilitazama milima ya Nyandarua, naye aliketi katikati kama mji wa Nyeri. Wateja wa Kiganjo na Naromoru walilala upande wa Mlima. Wa Mweiga, upande wa Nyandarua. Wa Karatina na Sagana, karibu na tumbo lake. Waliokufa walikuwa kwenye droo ya chini, na huko hawakugombania mpaka, jambo lililowashinda wakiwa hai. Majina juu ya majalada yalifutwa zamani na vikombe vya chai. Kwa miaka ishirini na saba Theuri hakusoma jalada. Alinyoosha mkono kuelekea kwao mteja, akahesabu kwa kidole gumba, akavuta.

Ofisi ikarithiwa na Meera, bintiye Jitu, wakili pia. Hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ungemwekea macho mapema.

Jumatatu moja Theuri alifika kazini akakuta kiti chake kinatazama mlango.

"Mzee, nimekugeuza Jumamosi," Meera alisema. "Wateja wakiingia walikuwa wanasalimia mgongo."

"Na karatasi zangu?"

"Sijagusa hata moja. Meza ilibebwa pamoja na vitu vyake vyote, na watu wanne."

Theuri akamshukuru. Akaketi, jua la asubuhi likampiga shavu ambalo halikulizoea.

"Sasa nipe ya Monicah. Mahakamani tunaitwa saa tatu," Meera akasema.

Monicah alikuwa mjane wa Mweiga aliyelima viazi kwenye ekari mbili ambazo shemeji yake alizitaka. Mahakama ilikuwa imemzuia shemeji kukanyaga shamba mpaka kesi isikizwe. Kesi ilikuwa imeahirishwa mara tatu, na hakimu alikuwa ameapa kwamba hakuna ya nne. Ndani ya faili mlikuwa na karatasi moja tu ya maana: mkataba wa marehemu mumewe na huyo ndugu yake kugawana shamba, umepigwa dole gumba na wote wawili.

Mkono wa Theuri ukaenda Nyandarua. Haukuwahi kujua kushoto wala kulia; ulijua milima. Ila Nyandarua sasa ilikuwa kulia, na kulia kwa meza kulikuwa kumelala watu wa Naromoru, vile walivyobebwa. Ya tatu kutoka juu. Utepe ule ule, uzito ule ule. Meera akaitia kwenye mkoba bila kuifungua, kama baba yake.

Mahakamani faili ilifunguliwa, ndani mkatoka ugomvi wa mtu wa Naromoru na mparachichi wa jirani.

Meera alipopiga simu, Theuri alipekua upande wa Nyandarua mara mbili, na kila aliyemtoa alikuwa wa Mlimani. Ilimchukua dakika ishirini kuelewa kwamba si watu waliohama, ni meza iliyogeuka. Akakimbia na faili ya kweli. Monicah alikuwa kwenye benchi nje ya mahakama, anakunja leso.

"Rudi nayo tu," alisema. "Ati hakimu hana muda wa kungoja karatasi. Ameitupa kesi, na zuio la shemeji limeenda nayo."

"Madam ataomba irudishwe, Mama."

"Karani, mimi nilikuja kwenu juu ya ile chafya. Mweiga yote iliisikia. Si ulisema hata ukifungwa macho?"

Theuri akaiangalia faili mkononi mwake. Macho yake yalikuwa wazi.

Meera aliandika maombi siku hiyo hiyo. Shemeji naye hakuandika kitu, alikodi trekta. Kufikia Jumatano viazi vya Monicah, vilivyobakisha wiki mbili kuvunwa, vilikuwa juu ya udongo, na ua wa waya umezunguka shamba.

Theuri aliomba jambo moja: meza irudishwe ilivyokuwa.

"Hata ikirudi, Mzee," Meera alisema polepole, "mimi sitabeba faili tena bila kusoma. Na hizi zako hazisomeki."

Zikaletwa kabati za chuma na kijana wa kompyuta. Theuri akaambiwa apumzike, neno ambalo mjini Nyeri halina uhusiano na usingizi. Meza ilipelekwa mnadani.

Miezi miwili baadaye aliikuta sokoni. Simeon, muuza mayai, alikuwa ameipangia trei hadi kidevuni. Theuri akazunguka nyuma yake bila kuomba ruhusa, akageuka mpaka Mlima ukakaa kulia. Akafumba macho. Mkono ukaenda Nyandarua, kidole gumba kikahesabu: moja, mbili, tatu.

"Wee mzee," Simeon akasema, "unanunua ama unayabariki?"

Theuri akafumbua macho. Alikuwa ameshika kona ya trei ya tatu.

"Hii trei ni pesa ngapi?"

"Mia nne na ishirini."