Njia ya Vidole Vitatu

Chuoni walimwita Vitatu, na yeye aliitika bila kinyongo, maana jina likishakaa miaka saba mtu hana tena pa kulirudisha. Alikuwa mkufunzi wa gitaa katika idara ya muziki wa kisasa na jazi, chumba namba sita, kile ambacho kuta zake zilifunikwa kwa magodoro ya zamani ili kelele zisiwafikie watu wa uhasibu ghorofa ya juu. Magodoro yenyewe yalikuwa na madoa ambayo hakuna aliyependa kuyafikiria. Ndani kulikuwa na viti kumi na viwili, ubao mweupe, spika moja nzima na nyingine ambayo haikuamka mpaka ipigwe kofi, na dirisha lililopigwa misumari. Wanafunzi walisema ukifunga mlango wa mle unajisikia huru. Yeye ukifungwa alianza kuhesabu dakika.

Chuo hakikumchukua kwa vyeti, kwa kuwa hakuwa navyo. Kilimchukua kwa mkono. Kabla ya hapo alicharaza gitaa la solo miaka kumi na minane katika bendi za hoteli, akijifunza kwa sikio, kwa kurudia na kwa kuchekwa. Wenzake wa idara walikuwa na shahada za kueleza jazi ilitoka wapi na inakwenda wapi. Yeye alikuwa wa kuonyesha inavyopigwa. Mkataba wake wa mwaka mmoja mmoja ulisema hivyo hivyo kwenye mstari wa nne: mkufunzi atafundisha kwa kuonyesha kwa mkono wake. Aliposaini mara ya kwanza alicheka peke yake. Walidhani angeonyesha kwa mguu?

Sasa kidole. Asubuhi moja, miaka saba iliyopita, aliweka mkono wa kushoto kwenye shingo ya gitaa, na kidole cha mwisho kikajikunja chenyewe, kikalala kiganjani. Akakinyoosha. Kikajikunja tena. Hakikuuma wala hakikufa ganzi. Kikombe kilishika, vifungo vya shati kilifunga, hata sikio kilikuna; gitaa tu ndilo kililokuwa kimelisusa. Daktari alimzungusha mkono, akamgonga kiwiko, akasema mkono ni mzima.

"Kichwa na gitaa ndivyo vimegombana," akamwambia. "Hali hii huwapata wanamuziki wengine. Weka gitaa chini mwaka mzima, halafu anza upya taratibu kama mtoto. Kinaweza kurudi, kinaweza kisirudi."

Mwaka mzima! Mkataba wenyewe ulikuwa umebaki na miezi mitano. Alishukuru, akatoka, na hakumwambia mtu ila mke wake.

Angeweza kuvunga hivyo hivyo mpaka leo, kwa sababu vidole vitatu vya fundi wa kweli bado ni kazi ya watu wawili. Kilichomponza ni mdomo. Mwanafunzi mmoja wa mstari wa mbele, wale wanaoona kila kitu, alimwuliza, "Mwalimu, mbona kidole cha mwisho hukitumii?" Akajibu bila kufikiri: "Hicho ni abiria. Abiria haendeshi gari." Darasa likaangua kicheko, na kabla kicheko hakijaisha wote walikuwa wameshaandika kwenye madaftari. Wiki iliyofuata aliwakuta wamekunja vidole, kumi na mmoja kati ya kumi na wawili. Yule wa kumi na mbili alikuwa mgonjwa siku ile ya abiria.

Angewakataza palepale, basi, hadithi ingeishia hapo na tungekuwa tunaongea mambo mengine. Hakuwakataza. Walipomwomba sababu, akatunga. Kutunga papo hapo bendi ikiwa inaendelea ndiyo kazi iliyomlisha ujana wake wote. Alisema vidole vichache humlazimisha mpigaji kuchagua. Alisema noti isiyo na haraka huwa na uzito. Ubaya wa maneno yale ni kwamba yalikuwa na ukweli ndani yake, wa kutosha kumpa mtu usingizi. Miaka ikapita, chuo kikawa na mlio wake, ule wa kusitasita kidogo kabla ya noti za juu, na wajuzi wakaanza kuusifu bila kujua kwamba ni mlio wa mkono mgonjwa. Kwenye kantini wanafunzi walisalimiana kwa vidole vitatu. Mkuu wa idara akaipa mbinu hiyo jina, Njia ya Vidole Vitatu, akaliweka kwenye tangazo la kupokea wanafunzi wapya.

Kisha akaja mpwa wake. Huyu alikuwa binti wa dada yake, amepiga gitaa tangu ana miaka tisa, kwa vidole vyote vinne, maana mjomba mwenyewe ndiye aliyemfundisha enzi hizo kidole kikiwa na akili. Alifikia kwa mjomba, akapewa chumba cha nyuma chenye vitambaa vya mke wa mjomba hadi darini. Wiki ya kwanza ya masomo alimsogelea mezani.

"Mjomba, si ulinifundisha vinne?"

"Ya nyumbani ni ya nyumbani," akamjibu, macho kwenye sahani. "Huku mimi mjomba, kule mimi mwalimu. Usichanganye."

Binti hakuchanganya hata siku moja. Alikunja kidole kama wenzake na kwa mwaka mmoja akawapita wote, kwani alikuwa na kitu ambacho hakifundishwi. Kila alipopiga, Vitatu alisikia fahari imemjaa kifuani na aibu imekaa juu yake.

Mwaka wa tatu, Jumatatu moja alasiri, binti alikuwa anachambua mchele akaweka ungo chini ghafla. "Mjomba, mkono unaniwaka mpaka kwenye kiwiko."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Nilidhani ndiyo kujifunza kwenyewe."

Akamwambia alete gitaa. Akainama karibu kabisa, akatazama kile alichokuwa akikwepa kukitazama. Kidole chake yeye kilijikunja chenyewe. Cha mtoto kilitaka kufunguka, kilikuwa kinatetemeka kwa kutaka, na mtoto alikuwa anakibana kwa nguvu za mkono mzima. Miaka mitatu. Vitatu aliinuka akaenda kusimama uani, akashika kamba ya kuanikia nguo mpaka pumzi ikamrudia.

Kesho yake aliingia kwa mkuu wa idara akiwa na maneno yote mdomoni. Mkuu alikuwa mama mchapakazi, amempita kwa shahada mbili na amepitwa kwa miaka kumi na mitano. Mwaka ule neno uendelevu lilikuwa limeingia chuoni na kukaa juu ya kila kitu kama vumbi la chaki: kulikuwa na uendelevu wa mitaala, uendelevu wa stadi, na mlango wa choo ulibandikwa karatasi kuhusu uendelevu wa maji.

"Mzee wangu, kaa, nina habari njema," mkuu alimwahi. "Wakaguzi wanakuja Ijumaa. Wanataka kila idara ionyeshe mbinu yake ya kufundishia, mbinu endelevu, inayoweza kubaki hata mwalimu akiondoka. Wengine wanahangaika. Sisi tunayo! Ya kwako. Itafundishwa na wakufunzi wote, itakuwa na fomu yake ya mtihani, na vyuo vingine vinne vinaitaka. Wewe unasaini kama mwenye mbinu, mkataba wako unakuwa wa miaka mitano. Na binti yetu ndiye atakayepiga siku hiyo."

"Na nisiposaini?" alisema, akijitahidi ionekane utani.

"Basi hatuna kitu, idara inafungwa. Wa mwaka wa mwisho wanabaki na nusu ya shahada, mpwa wako akiwemo. Mbona unanitisha asubuhi yote hii?"

"Nilitaka kujua tu."

Aliingia na maneno mdomoni, akatoka nayo.

Mke wake alikuwa fundi cherehani na hakuwa na muda wa kuzunguka mbuyu. Alimsikiliza huku anatia uzi kwenye sindano. "Mimi nikikata kitambaa kombo naona aibu siku hiyo hiyo, yakaisha," alisema. "Nikikishona hivyo hivyo, mteja anatembea na aibu yangu mgongoni mwaka mzima. Na huyu mteja analala kwenye chumba changu cha nyuma."

"Nikisema, kazi imekwisha."

"Najua. Nimeshapiga hesabu za kushona sare mbili zaidi kwa siku. Wewe sema."

Ijumaa ukumbi ulijaa. Wakaguzi watatu walikaa mbele na chupa zao za maji, wanafunzi nyuma, mkuu pembeni akitabasamu mpaka magego yakaonekana. Binti akapanda. Alianza taratibu, akauzunguka wimbo, kisha akaanza kutunga juu yake. Vitatu hakusikia muziki. Aliona kiwiko. Aliona binti anauma mdomo wa chini, na mkono unaganda kidogo kidogo kuanzia bega, na bado kidole kimebanwa.

"Acha," alimwambia binti, akasimama. "Mama, acha. Weka chini."

Akapanda mwenyewe jukwaani. Akajikaza kisabuni. Aliwaambia yote: asubuhi ile, daktari, swali la mwanafunzi, abiria. "Hakuna njia," alisema. "Kuna ugonjwa, na kuna mtu mwoga. Nimewafundisha ugonjwa wangu miaka saba. Nisameheni. Fungueni vidole." Na ili wasidhani anatania, akachukua gitaa la binti, akanyoosha kidole cha mwisho mbele ya watu wote, akakipeleka kwenye uzi. Kikajikunja kikalala kiganjani.

Akangoja wamfukuze. Nakwambia alikuwa anatamani wamfukuze. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba kifua kilikuwa chepesi.

Mkaguzi mkubwa akavua miwani, akapangusa macho, akaanza kupiga makofi. "Huyu ndiye mwalimu!" alisema. "Mtu kanyang'anywa kidole, akajenga mbinu! Mabibi na mabwana, uendelevu ndio huu." Wengine wakafuata. Wanafunzi wakasimama, vidole vitatu juu, baadhi wakilia.

"Hapana," Vitatu alisema. "Hamjanielewa. Mnaumia. Yeye anaumia."

"Na unyenyekevu juu," mkaguzi akamwambia mwenzake, akaandika.

Walimvika kilemba cha ukoka mchana kweupe na hakuwa na mkono wa kukivua. Mkuu alimfikia na karatasi, akaziweka juu ya stendi ya noti. Alinong'ona, na safari hii hakuwa anatabasamu. "Mzee wangu, nimekusikia. Mimi nimekusikia vizuri. Lakini wameshapitisha. Saini, watoto wamalize. Hayo maneno yako tutayaweka kwenye utangulizi."

Alitazama ukumbi mzima akitafuta mtu mmoja wa kumwambia asisaini. Binti alikuwa amekaa chini kando ya jukwaa, anajikanda kiwiko, na shahada yake ilikuwa chini ya kalamu ile. Akasaini. Sahihi yake ilitoka nzuri, maana mkono wa kulia haukuwa na tatizo lolote.

Toka siku hiyo, kila alasiri, walikaa uani yeye na mpwa wake kujifunza upya. Lilikuwa somo la ajabu. "Nionyeshe, mjomba," binti alisema siku ya kwanza, kama alivyokuwa akisema utotoni, na yeye, ambaye maisha yake yote yalikuwa kuonyesha, akajibu, "Siwezi. Nitakwambia kwa mdomo, wewe utafute." Binti alitafuta. Kidole kilikuwa dhaifu, kilikosea nyuzi, kilirudi kiganjani kila aliposahau. Noti moja, kisha mbili. Alipiga vibaya kuliko alivyopiga akiwa na miaka tisa, na mke wa mjomba akapiga kelele kutoka kwenye cherehani kwamba heri ile spika mbovu ya chuoni. Maumivu yalianza kupungua wiki ya tatu.

Mtihani wa mwisho ulifanyika chumba namba sita, mlango umefungwa, wanafunzi wote kumi na wawili wamekaa kusikilizana kama ilivyo desturi ya idara. Fomu mpya zilikuwa zimechapwa kwa wino wa kijani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maungamo yake, yamenyooshwa na mkuu mpaka yakawa sifa. Ukurasa wa pili ulikuwa wa alama, na mstari wa tatu ulisema: kidole cha mwisho kimekunjwa muda wote, alama kumi. Chini kabisa, sahihi yake.

Wakapiga mmoja baada ya mwingine. Vidole vya mwisho viliinama vyote, safi kabisa, kama alivyowafundisha, na kila alipowaomba wafungue walicheka kwa upendo wakidhani mwalimu anawapima. Kumi, akaandika. Kumi. Kumi.

Binti akaja wa mwisho. Akaweka mkono kwenye shingo ya gitaa, na kidole cha mwisho kikabaki wazi, kinatetemeka juu ya nyuzi mbele ya macho ya wote. Darasa likaguna. Alipiga polepole, akakosea mara nne, akasimama katikati akaanza tena. Aliyekuwa bora kuliko wote akawa wa mwisho, na watu wakatazama chini kwa kumwonea haya. Vitatu alimsikiliza mpaka noti ya mwisho. Kisha akashusha kalamu hadi mstari wa tatu, akaandika sifuri, kubwa, ya duara iliyofungwa vizuri.

Binti alinyanyuka kuweka gitaa, akachungulia karatasi begani kwake.

"Asante, mjomba," alisema.