Kichuguu cha Kwenye Kalenda

Mimi kazi yangu ni fremu. Karakana yangu imepakana na chumba anachochorea Mama Rangi, na kati yetu kuna ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo akipiga chafya mimi ndiye wa kumwombea afya. Jina la Mama Rangi tulimpa sisi majirani, maana hata sokoni huenda na madoa ya kijani kwenye viwiko. Watoto hana. Mtu wake wa damu aliyebaki ni dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na ambaye hadi leo anaishi kijijini kwao.

Ukimuuliza alijifunzia wapi kuchora, hatakutajia chuo. Atakuambia alijifunza utotoni, akifuata visigino vya dada yake alfajiri, macho chini. Mvua zikianza walikwenda kutafuta chakula porini: mboga za majani, matunda madogo ya vichakani, na zaidi ya yote uyoga. Kulikuwa na kichuguu kimoja nyuma ya jiwe lenye ufa, na hapo uyoga ulijaa kuliko popote. Kwao mahali pa uyoga hapasemwi. Anayepajua huzunguka njia ndefu akienda, na akirudi hufunika kikapu kwa majani. Dada alimwonyesha mdogo wake tu, naye akaahidi kutomwonyesha mtu. Alimfundisha kuzungusha shina taratibu badala ya kuling'oa, kisha kurudishia udongo. Mwaka wa njaa uyoga huo ndio uliowavusha. Dada hakuolewa, shamba la maana hakupata, na kila msimu wa mvua aliendelea kuutegemea.

Hayo ndiyo anayoyachora Mama Rangi, tena kwa ubishi. Mara ngapi nimemwambia, jani moja moja la nini, nani atakaa kuyakagua? Hujibu kwamba anataka mtu wa kwao akiiona picha aseme, hapa ni pale. Basi mimi huendelea na misumari yangu.

Picha ya kichuguu ilizishinda zote. Jiwe na ufa wake, mti ulioinamia kushoto, kijia cha mbuzi kinachopotelea nyasini, na wasichana wawili wamechuchumaa. Fremu yake niliitengeneza kwa mbao ngumu, na sioni haya kusema kwamba ilipendeza. Wachapaji wakaiomba waiweke kwenye kalenda. Mama Rangi alicheka siku nzima, akamfungia dada yake nakala moja. Angeweza kujipunguzia taabu, maana kalenda ilishafika kijijini kabla ya nakala hiyo, imetundikwa dukani juu ya magunia ya chumvi.

Watu wa kwao wakaiona, wakasema, hapa ni pale.

Mvua zilipokwisha dada akaja mjini kama kawaida yake. Miaka yote alileta mfuko wa uyoga mkavu, lakini safari hii alileta karanga. Nilikuwepo, nimekwenda kupima fremu, na nilimwona Mama Rangi akipapasa chini ya karanga kama mtoto anayetafuta zawadi. Akauliza uyoga uko wapi. Dada akaeleza bila kupandisha sauti. Majirani walilitambua jiwe kwenye kalenda, wakaenda na majembe. Hawakuishia kuchuma, walikifukua kichuguu chenyewe wakabeba udongo, kila mmoja akitaka kupanda uyoga nyuma ya nyumba yake. Uyoga haukuota kwa yeyote, na pale pamebaki shimo.

"Mbona hukuniambia, dada? Mbona hukunigombeza?"

"Nikugombeze nini, mdogo wangu? Umechora vizuri. Hata mimi nilipoiona tu, nilijua ni pale."

Afadhali angemtukana. Dada alipoondoka, Mama Rangi aligeuza picha zake zote zikatazama ukuta. Nilimsikia kupitia zile mbao akitembea huku na huku, brashi hagusi. Alikwenda kijijini akapiga magoti, dada akamwinua na kumpikia, naye akarudi amekonda kuliko alivyokwenda. Nikajaribu kumfariji, nikasema kosa ni la wenye majembe.

"Wao hawakumwahidi mtu kitu, fundi," akanijibu. "Aliyeahidi ni mimi."

Nikarudi kwenye nyundo yangu. Na nisiwe mnafiki, moyoni nilikuwa nimemkasirikia. Mtu anayejua jiwe mpaka ufa wake, vipi asifikirie kwamba wenzake nao wana macho? Alikuwa amelewa sifa, basi. Lakini hilo sikumwambia, maana alikuwa anajiambia mwenyewe kutwa kucha, na kumwongezea ingekuwa ukatili.

Mvua za mwaka uliofuata zilipopita, dada alikuja na kifurushi kidogo cha kitambaa. Ndani mlikuwa na uyoga mkavu. Mama Rangi alilia, akacheka, akanigongea ukuta nikale nao. Tukakaa jikoni, dada akikoroga sufuria, sisi tukinusa na kumeza mate. Sikuwa nimemwona jirani yangu amechangamka hivyo kwa muda mrefu. Alitutania, akanisimanga kwa fremu zangu zilizopinda, akasema kesho atashika brashi. Na katika furaha ile swali likamtoka, nadhani hata hakulisikia likitoka.

"Huu umeupata wapi, dada?"

Dada hakugeuka. Alichota mchuzi kidogo, akauonja, akaongeza chumvi.

"Porini," akasema.

Hivyo ndivyo wanavyojibiwa wageni. Mama Rangi akashusha macho, akainuka akaanza kupanga sahani.