Nilipomwigiza Mjomba wa Matombo

Kabla ya kufika kwenye ghala la maigizo nilikuwa nimeonja kazi nyingi na kuziacha zote: utingo wa lori, kupiga pasi mitumba sokoni, kukata tiketi kwenye kibanda cha video. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu dirisha letu lilitazama barabara ya Dodoma, na mimi nilitaka kujua kila gari linakwenda wapi. Miaka ile ya soko huria, Morogoro ilikuwa imechangamka. Maduka yalijaa redio na viatu, huku viwanda vikipunguza watu, na sisi vijana tukajazana stendi kusubiri tusichokijua.

Ndipo akaja mwalimu wa sanaa, mama wa Kisukuma kutoka Mwanza. Aliomba ghala tupu nyuma ya kiwanda kilichofungwa, kisha akaja stendi na ngoma begani. Hakutuhubiria habari za bangi. Aliuliza tu, "Nani kati yenu anaweza kutembea kwa mikono?" Tulimfuata kumwonyesha, na wengi wetu hatukurudi tena stendi.

Asubuhi sarakasi, mchana ngoma, alasiri maigizo. Nilikuwa nikiamka kabla ya jogoo kwa hamu. Maigizo yetu hayakuwa ya kukariri. Tulichukua jambo linalotusumbua, tukaliigiza uwanjani mpaka linapofika pabaya, kisha mwalimu anasimamisha mchezo na kuwauliza watazamaji: hapa ungefanyaje wewe? Mwenye jibu anapiga makofi, anaingia na kuchukua nafasi ya mwigizaji. Nilimwona muuza nyanya akigeuka hakimu, akahukumu vizuri kuliko sisi tuliofanya mazoezi wiki nzima.

Nyota wetu alikuwa binti wa Kiluguru. Alipiga ngoma iliyomfika kifuani, na alipoigiza watu walisahau kutafuna. Mwalimu alikuwa amekwenda kwa baba yake, aliyepunguzwa kazi kiwandani, akapeleka sukari na kuomba ruhusa kwa heshima zote. Baba akakubali palepale. Kwa mwalimu jambo lilikuwa limekwisha, maana kwao baba akishasema, amesema. Mimi, mjukuu wa wakata mkonge waliotoka Singida, nilidhani hivyo hivyo.

Wiki moja kabla ya onyesho letu kubwa pale chuoni Mazimbu, tulikuwa tukifanya mazoezi karibu na soko. Mwanamume mmoja mwenye kofia ya pama, aliyetoka kuuza ndizi, alipasua duara la watu akamshika binti mkono.

"Unapinduka na kaptula mbele ya wauza vitunguu? Twende nyumbani."

"Shikamoo, mjomba," binti akasema, akamfuata.

Mwalimu akatugeukia. "Lakini baba yake aliridhia."

Kijana mmoja wa Kiluguru akacheka. "Mwalimu, ulimwomba baba? Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, mwenye neno ni mjomba. Ni sawa na kumwomba mpangaji ruhusa ya kuuza nyumba."

"Na hamkuniambia?"

"Tulidhani ulishapanda Matombo, milimani kwa mjomba wake."

Kesho yake, Jumapili, mwalimu, mimi na yule kijana wa Kiluguru tulidandia lori linalofuata ndizi. Mbele ya Mkuyuni likakwama, tukasukuma, tukafika Matombo na tope magotini. Mjomba alikuwa uani kwake, majirani wakipita kutoka misani, na binti akigeuza pilipili manga kwenye mkeka. Mwalimu alipiga magoti, akaomba radhi kwa kubisha mlango usio wake.

"Karibuni chakula," mjomba akasema kwa upole. "Ila maneno yenu yamechelewa. Mtoto yuko kwao, na atabaki hapa."

Binti ndiye aliyeinua uso. "Mjomba, pale sokoni uliona kuruka tu. Mchezo wenyewe hukuuona."

"Basi chezeni. Mtakula mkiwa na njaa."

Mwalimu akaeleza utaratibu wa makofi, nasi tukaigiza jambo lenyewe. Binti akawa yeye mwenyewe, mimi nikawa mjomba. Niliazima ile kofia, nikatoa kifua, nikanguruma kama majambazi wa kwenye video: mtoto ni wangu, hatoki mtu hapa. Majirani walicheka mpaka bibi mmoja akakalia pilipili.

"Mjomba wa wapi huyu? Mbona ana sauti ya mpiga debe?" bibi huyo akauliza.

Mjomba mwenyewe hakuvumilia. Alipiga makofi. "Lete kofia yangu. Mjomba hapigi kelele. Mjomba anauliza."

Akaingia uwanjani, akamkabili mpwa wake. "Huko mjini unalala wapi?"

"Kwa baba."

"Unarudi wakati gani?"

"Kabla ya magharibi. Mwalimu hunifikisha mlangoni."

"Na kaptula?"

"Suruali ndefu ninayo. Siku ile ilikuwa imelowa."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Nikikukataza, unapoteza nini?"

Binti akamtazama usoni. "Wenzangu wa stendi wananiita kila siku niende nao baa. Nikiwa na ngoma sina nafasi ya kuwasikiliza. Hapa nitageuza pilipili, mjomba, lakini pilipili zina msimu wake. Zikiisha nitarudi kwa baba, na wao watakuwa palepale stendi. Hapo ungefanyaje wewe?"

Mjomba aliwatazama majirani. Hakuna aliyepiga makofi kumpokea. Mimi mikono iliniwasha, mwalimu akanishika shati.

"Atashuka," hatimaye akasema. "Suruali ndefu, na wakati wa mavuno anapanda kunisaidia. Na wewe mwalimu, siku nyingine uanzie mlango huu." Kisha akanigeukia. "Ila huko Mazimbu wewe hutakuwa mimi. Nitakuja mwenyewe."

Alikuja kweli. Jumamosi ile alisimama mbele ya wanachuo akimhoji mpwa wake kwa sauti ya chini, ukumbi mzima ukinyoosha shingo kumsikia. Mimi nilikuwa pembeni nimepewa ngoma, nafasi yangu imechukuliwa, na nilipiga kwa furaha mpaka viganja vikavimba.