Ngazi za Mjomba na Korongo la Shimo la Nne

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka najicheka mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, miaka michache baada ya vita kuu ya pili, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, nyapara wa kiwanja cha gofu hapa Morogoro mjini. Usilione neno nyapara ukadhani ni dogo. Nilikuwa na watu kumi na wawili chini yangu, wenye mafyekeo na majembe, na juu ya hayo nilikuwa na kofia. Kijana akipewa kofia na watu wa kuwaamuru, masikio yake huziba kwa muda.

Gofu ni mchezo wa kuupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka utumbukie kwenye shimo lililo mbali. Anayefika kwa mapigo machache ndiye mshindi. Pale mchezaji anaposimama kuupiga mpira wa kwanza, sisi wafanyakazi tulipaita kianzio. Kiwanja chetu kilikuwa na mashimo tisa, na la nne ndilo lililokuwa na maneno, kwa sababu kati ya kianzio chake na shimo lenyewe lilipita korongo, moja ya yale yanayoteremsha maji ya mvua kutoka milimani. Wanaume waliurusha mpira juu ya korongo kwa pigo moja, wakapeana mikono kana kwamba wameua simba.

Wanawake walianzia pale pale pa wanaume, na mipira yao ikaishia korongoni. Wakaomba kianzio chao. Mkubwa wa kiwanja, ambaye sisi tulimwita Bwana Miwani, akaniita akasema, "Pius, wawekee kina mama mahali pao, mbele kidogo." Basi. Hakusema zaidi, nami sikuuliza. Nilitoka pale pa wanaume nikapima hatua kumi kwa miguu yangu hii mirefu, nikachomeka alama, nikajiona mkarimu sana. Mahali penyewe palikuwa pameinama, na mzizi wa mti ulikuwa umetokeza. Nikatandika majani yaliyosalia baada ya kutengeneza kianzio cha wanaume, yale yaliyokwisha kugeuka manjano. Wanaume walikuwa na benchi. Kina mama sikuwawekea. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nami siku hiyo nilikuwa nimeshiba kofia yangu.

Sasa turudi kwenye Jumamosi yenyewe. Kati ya wachezaji wanawake alikuwako mkunga mmoja wa hospitali, Mzungu wa makamo, tuliyempa jina la Bibi Kofia kwa sababu ya kofia yake ya ukindu aliyoifunga kwa kitambaa kisipeperuke. Juma zima alikuwa wodini akipokea watoto wa watu, na asubuhi ya Jumamosi ndiyo iliyokuwa yake peke yake. Mwanzo walikuwa wanne wakicheza pamoja, lakini wawili walikwisha kuacha. Nilikuwa nimesikia pia kwamba wanaume wanalalamika kuwa kina mama wanachelewesha mchezo kwa kutafuta mipira korongoni, na kwamba huenda siku yao ikafutwa kabisa. Habari hiyo haikuninyima usingizi.

Bibi Kofia akasimama juu ya ule mteremko wangu, mguu mmoja juu, mwingine chini. Akapiga. Ulikuwa mpira mzuri, nakuapia, ulioruka umenyooka. Ukaanguka korongoni. Mwenzake naye akapiga vizuri, nao ukaanguka korongoni. Bibi Kofia akaniita kwa Kiswahili chake cha wodini, ambacho kilikuwa safi kuliko cha wengi.

"Pius, nikipiga vibaya, korongoni. Nikipiga vizuri, korongoni. Sasa kuna faida gani kujifunza kupiga vizuri?"

Akazifunga fimbo zake kwenye mfuko wa kubebea, akasema kwa upole, "Nafikiri sitakuja tena." Hakugomba, na nilifurahi kuwa hakugomba, ujinga wangu mie.

Njia ya watu wa milimani wanaoshuka sokoni ilipita kando ya kiwanja. Nilipogeuka nikamwona mama yangu mzazi amesimama pale, tenga la njegere kichwani, anatazama. Nikaenda nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yule si mkunga aliyempokea mtoto wa dada yako, siku ile tulipokata tamaa?"

"Ndiye."

"Mbona anaondoka na uso ule?"

Nikacheka. Ndiyo, mwanangu, nilicheka. Nikamweleza mambo ya korongo, nikamalizia kwa kusema kwamba wanawake hawana nguvu, mchezo wenyewe si wao. Mama hakucheka. Akaliweka tenga vizuri kichwani, akaniuliza nani aliyepima mahali pale. Nikajibu kwa fahari kuwa ni mimi. Akasema, "Kesho baada ya misa uje nyumbani, unichotee maji," akashika njia yake ya sokoni.

Hapo nilijua kuna jambo. Nyumbani kwetu wasichana walikuwapo wa kutosha, na kijana mwenye kofia hatumwi maji bila sababu.

Kwetu ni juu, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka mjini, kijiji cha misheni kilichoshikilia mteremko. Chemchemi iko chini bondeni, na njia za kuiendea ni mbili. Moja ina ngazi zilizochimbwa udongoni na mjomba wangu, kaka yake mama, Mungu amrehemu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba halina rufaa. Njia ya pili niliichimba mimi mwenyewe nikiwa na miaka ishirini, ya mkato, na nilipoimaliza nilijisifu kijiji kizima kwamba nimewapunguzia kina mama mwendo kwa nusu.

Mama akanitwisha debe, na kata ya majani ya mgomba chini yake. "Panda kwa ngazi zako," akasema.

Nikashuka, nikajaza, nikaanza kupanda. Mama yangu! Kila ngazi ilikuwa inafika karibu na goti. Ukiwa huna mzigo, unarukaruka kama mbuzi. Ukiwa na debe kichwani, kila hatua unayumba, maji yanakupiga usoni, yanaingia kwenye kola, yanateremka mgongoni. Wasichana waliokuwa chemchemini walicheka mpaka wakakaa chini. Nilifika juu shati la misa limelowa chapa, na debe lina nusu.

"Rudi," mama akasema. "Sasa panda kwa za mjomba wako."

Nikapanda. Ngazi zilikuwa fupi, nyingi, kila moja imekaa pale mguu ulipotaka kutua. Njia ilikuwa ndefu lakini sikumwaga hata tone. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua kunde, wala hakuinua uso.

"Ngazi zako zimeota nyasi," akasema. "Hujajiuliza kwa nini? Miaka mitano hakuna mwanamke anayepita."

Nilikuwa nimeziona zile nyasi, tena nilizilaumu, nikisema wanawake wa kwetu hawapendi maendeleo.

"Mjomba wako alikuwa mrefu kuliko wewe, mlangoni hapa alipita ameinama. Angeweza kuchimba kwa miguu yake akamaliza kwa siku moja. Lakini aliniita mimi, nina mimba yako ya miezi saba. Akanitwisha debe limejaa, akaniambia nipande polepole. Kila nilipotua mguu, akachomeka kijiti. Ndipo akashika jembe." Akaniangalia sasa. "Hata wewe ulikuwamo katika kipimo kile. Halafu ukaja kumpimia mkunga wa watu hatua kumi. Siku hiyo, Pius, uliazima mguu wa nani?"

Wahenga wamesema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilikuwa na bahati, mama aliniwahi. Lakini niliona aibu, mwanangu, aibu ya kweli, na kilichoniuma zaidi ni hiki. Miaka ile ile watu wa milimani kwetu walikuwa wananung'unika kwa sababu ya wakubwa wa serikali waliokuja kuwaamuru namna ya kulima miteremko ambayo hawakuwahi kuilima. Kiwanja kile nilikitunza kama mboni ya jicho, na sikuruhusiwa kupiga hata mpira mmoja. Nilijua vizuri sana ladha ya kupimiwa na mtu asiyekuuliza. Nilijua, na bado niliwapimia wengine vile vile.

Jumatatu nilimwendea Bwana Miwani, kofia mkononi. Nikamwomba ruhusa ya kukiondoa kianzio cha kina mama na kukiweka upya, mbele zaidi.

"Unataka kuwaharibia mchezo?" akaniuliza. "Watafika bure, bila kazi."

"Bwana, korongo siliondoi. Nataka tu apigaye vizuri avuke, na apigaye vibaya azame. Kama nyinyi."

Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Mwisho akasema nijaribu, lakini ikishindikana siku ya kina mama itafutwa na maneno yaishe.

Kazi ngumu ilikuwa kumrudisha Bibi Kofia. Nilikwenda hospitali nikamngoja nje ya wodi. Alipotoka nikamwambia, "Bibi, nilikosea mimi. Naomba uje Jumamosi na wenzako, msicheze, mnipigie tu mipira mahali pa wazi, nami niangalie inapoanguka." Aliniangalia kama mtu aliyesikia mgonjwa akiomba dawa chungu kwa hiari yake. Lakini alikuja, na wale wawili walioacha akaja nao.

Kila mmoja alipiga mipira kumi, mimi nikafuata na vijiti. Mpira ulipotua, kijiti. Sikuchagua ile iliyokwenda mbali kuliko yote, wala ile iliyochapwa chini ikakimbia kama panya. Nilitazama pale vijiti vilipokusanyika, maana hapo ndipo pigo zuri la kawaida lilipoangukia. Nikahesabu hatua. Kisha nikaenda ng'ambo ya korongo, nikarudi nyuma kwa hatua zile zile, kupungua kidogo tu. Niliposimama nilishangaa. Nilikuwa mbele ya kianzio changu cha zamani kwa hatua thelathini na tano. Thelathini na tano, na mimi nilidhani kumi ni ukarimu!

Mahali hapo tulipasawazisha kwa maji na kamba. Tukatandika majani mabichi, yale yale ya kianzio cha wanaume, na benchi tukaliweka chini ya mjohoro wenye kivuli. Wenzangu walininung'unikia, eti nawajengea kina mama sebule. Nikawaambia waulize mama zao.

Siku ya kujaribu ilipofika, Bwana Miwani alisimama pembeni mikono nyuma. Bibi Kofia akawa wa kwanza. Nilijua kinachongoja ikishindikana. Akapiga, na pengine kwa haraka ya kutazamwa, akaukata mpira vibaya. Ukazama korongoni. Nikafumba macho.

Nikasikia kicheko. Alikuwa Bibi Kofia, anacheka mpaka kofia inamtoka.

"Huo ni wangu!" akasema. "Pius, leo nimekosea mwenyewe!"

Mwanangu, katika maisha yangu sijapata kumwona mtu aliyefurahi kushindwa kama yule. Wenzake watatu wakapiga, wawili wakavuka, mmoja akazama. Walipozunguka mara ya pili, Bibi Kofia akatulia, akavuta pumzi, akapiga. Mpira ukapanda, ukapita juu ya korongo, ukatua ng'ambo kama hatua nne kutoka ukingoni. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye lile benchi akatazama milima kidogo, kisha akanyanyuka akaufuata mpira wake. Siku ya kina mama haikufutwa. Kabla mwaka haujaisha walikuwa tisa. Tena nikuambie siri, Bwana Miwani alipoanza kuumwa mgongo, asubuhi ambazo kiwanja hakina watu yeye mwenyewe alikuwa anaanzia pale kwa kina mama, nami nilikuwa nageuka upande nikikagua majani.

Miaka imepita, na mimi sasa natembea kwa mkongojo. Juzi binti yangu Veronika alileta fundi anijengee ngazi za saruji mlangoni. Fundi akatoa futi yake akaanza kupima. Veronika akamwambia asubiri. "Baba, tembea kwanza," akasema. Nikatembea taratibu, naye nyuma yangu na kipande cha chaki, kila nilipotua mguu anachora. Mimi sikuwahi kumsimulia habari za shimo la nne. Nikamuuliza nani amemfundisha. Akajibu bila kuinua uso, "Bibi. Mama yako." Nilijifanya vumbi limeniingia machoni.

Basi sikia, mwanangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukipewa kazi ya kupima, iwe kiwanja au kisima au darasa au shamba tu, usipimie mguu wako kitu kitakachotembelewa na mguu wa mwingine. Mwite mwenyewe. Mtwishe mzigo wake wa kila siku, mwambie atembee, wewe ukae nyuma na vijiti. Usimpe mabaki ukadhani umempa. Wala usimfukie korongo lake ukaita huruma. Mwache alivuke kwa nguvu zake, na siku akizama, azame kwa kosa lake, si kwa kosa lako. Na ukiona ulichokijenga hakitumiwi na mtu, usiwalaumu watu. Jilaumu wewe kwanza, kisha urudi na jembe.

Mungu akupe miguu mizima, na macho ya kuiona miguu ya wenzako. Akupe mama wa kukukemea mapema, na akili ya kumsikia. Ngazi utakazozichimba zipitiwe na wengi, na nyasi zisiote juu yake kamwe.