Nilipoandika Kwamba Hakujua

Makala yangu ya kwanza kwa jarida la wataalamu wa ushuru ilirudishwa na swali moja kutoka kwa mhariri: "Huyu mwenye nyumba unayemsema ni nani?" Nilikuwa nimejaza kurasa sita kuhusu ushuru wa nyumba za kupangisha, vifungu vya sheria mwanzo hadi mwisho, na ndani yake hapakuwa na mtu hata mmoja. Alitaka mfano.

Mfano nilikuwa nao. Miezi michache kabla, mama mmoja mjane kutoka mtaa wa Huruma alikuja ofisini kwangu katikati ya mji wa Eldoret akiwa na kalenda za ukutani, amezikunja na kuzifunga kwa uzi wa sweta. Marehemu mumewe alimwachia ploti ya vyumba vya mabati, na kila mpangaji alipolipa kodi, mama aliandika jina lake kwenye tarehe ile. Ritani, yaani taarifa ya mapato kwa watoza ushuru, hakuwa amepeleka hata moja. Tulizipitia kalenda zile asubuhi nzima, tukanyoosha mambo yake, akaenda zake.

Basi nikamtia kwenye makala. Sikutaja jina wala mtaa. Niliandika kwamba mjane fulani, mwenye kuweka hesabu kwenye kalenda, alipokea kodi miaka mingi bila kujua kwamba inatozwa ushuru, na kwamba dawa ya tatizo hili ni elimu. Mhariri alifurahi. Makala ilipotoka niliweka nakala kwenye meza ya wateja, kwa majivuno kidogo.

Aliyeisoma ni mwalimu mmoja wa sekondari, akisubiri nimhudumie. Zamani alikuwa mpangaji wa yule mama, na bado wanasali kanisa moja. Jumapili alimtafsiria, maana iliandikwa kwa Kiingereza. Jumatatu, kabla sijavua koti, mama alikuwa mlangoni.

"Hizo kalenda ni zangu," alisema.

Nilianza kumwomba msamaha. Nikamwambia sikuandika jina lake.

"Ngoja kwanza. Sijakuja juu ya jina." Akaketi. "Umeandika ati sikujua. Nani alikuambia sikujua?"

Nilivua koti nikaketi mbele yake.

"Mzee wangu alikuwa karani. Mambo ya ushuru nilijua. Lakini alipokufa, ndugu zake walitaka hiyo ploti. Nikasema nikienda ofisi ya serikali kuandikisha kitu kwa jina langu, hao watasikia, na mimi na watoto tutafukuzwa. Nikanyamaza. Sasa wewe umeniandika kama mjinga. Mwoga, sawa, andika. Mjinga hapana."

Nilimsindikiza hadi barabarani. Alipokuja mara ya kwanza tulikaa asubuhi nzima na kalenda zake, nami nikamuuliza tarehe tu. Huko kutojua kwake nilikuwa nimekubuni mwenyewe, kwa sababu makala ilikuwa na dawa tayari na ilihitaji mgonjwa wa kuifaa. Semina zote nilizopendekeza zisingemwondolea hofu ya mashemeji.

Nilimwandikia mhariri kwamba nimekosea. Alinijibu kwamba sheria niliyoieleza ni sahihi, kwa hiyo hakuna cha kusahihisha. Nikaandika makala nyingine, kuhusu watu wanaojua wajibu wao na bado wanaogopa kujitokeza. Safari hii, kabla ya kuituma, nilikwenda Huruma nikamsomea yule mama, nikitafsiri sentensi baada ya sentensi huku yeye akichagua maharagwe. Alinisimamisha mara mbili. Mara ya kwanza aliniambia niondoe kalenda. Mara ya pili nilikuwa nimemsomea kwamba ndugu wa mume huwanyang'anya wajane mali.

"Si wote," alisema. "Mmoja wao ndiye alinijengea choo. Sema wengine."

Nikasahihisha palepale, kwa kalamu.

Mhariri alikaa na makala ile muda mrefu. Mwishowe aliichapisha kurasa za nyuma, ikiwa imekatwa karibu nusu, na sikusikia msomaji yeyote akiitaja. Nilimpelekea mama nakala. Akaniuliza ni ukurasa gani, nikamwonyesha. Akaukunja pembeni kuuwekea alama, kisha akaniuliza kama nimekula.