Shati la Baba la Kanisani

Juzi, sokoni Busia, harufu ya mitumba ilinirudisha utotoni, kijijini Kwapa, mchana ule askari wa serikali alipoingia uani kwetu akitweta na kuanza kuvua magwanda.

"Mama, saidia. Nipe nguo ya raia. Kampala imeanguka. Wakinikuta hivi, nimekwisha."

Nilishangilia. Baba naye alikuwa askari, nikadhani vita vimekwisha na sasa anarudi. Sikujua kwamba upande wake ndio ulioshindwa.

Mama alimpa shati la Baba la kanisani, lililonukia sabuni.

"Baba akija atavaa nini?" nililia.

"Nyamaza, Athieno. Labda naye, huko njiani, kuna mwanamke anamvika shati la mumewe."

Baba hajarudi hadi leo. Sijui kama mwanamke huyo alikuwapo.